Msumari Mtupu

Saa moja kabla mgeni hajafika, fundi viatu aliishusha picha ya mkewe ukutani, akaizungushia shuka, akaisukuma uvunguni mwa kitanda chake. Msumari akauacha. Chini yake pakabaki mraba mweupe, kama ngozi iliyobanduliwa plasta.

Kisha akaketi kungoja. Kungoja alishakuzoea. Mkewe alipofariki, wakubwa wa mahakama walimkalisha benchi la nje siku nne mfululizo, mlango umefungwa, wao ndani na makaratasi yao. Siku ya nne wakatoka, wakamwambia yamekwisha, aende zake nyumbani. Tangu hapo ulimi wake ukawa wembe kwa yeyote mwenye kalamu mfukoni. Na watu walipomuuliza marehemu aliumwa nini, alijibu neno moja tu: kifua.

Afisa wa ustawi aliingia na viatu ambavyo fundi mwenyewe alivitia visigino. Nyuma yake alikuja msichana wa miaka kumi na sita, mkoba mmoja begani. Fundi alimtazama miguu kwanza, ndivyo alivyowatazama watu wote. Viatu vilikuwa vidogo; alivikanyaga nyuma vikageuka ndara.

"Wapo wadogo, wapole," afisa alisema, akipitapita vyumbani na orodha yake. "Wewe miezi mitatu umeng'ang'ania huyu."

"Nilisema huyu."

"Dirisha linafunga?"

"Linafunga. Na komeo la chumba chake liko ndani, siyo nje."

"Dawa unaweka wapi, mzee?"

"Hamna dawa humu."

"Hata ya kichwa?"

"Kichwa kikiuma hupoa chenyewe."

"Una maneno wewe." Afisa akaweka alama. "Yaliyomo kwenye faili lake unayajua?"

"Wewe umelisoma?"

Afisa alitazama saa. "Mafaili yenyewe mia mbili, mzee wangu. Ninachojua, nyumba tatu zimemrudisha. Akirudishwa mara ya nne, ni shule ya kurekebisha tabia, nyuma ya ukuta, mpaka atimize kumi na minane. Kama una wasiwasi, sema sasa hivi."

"Leta hiyo karatasi."

Fundi aliomba asomewe. Afisa akasoma mbiombio mpaka chini. Fundi akachovya kidole gumba kwenye wino, akagandamiza, akajifuta kwenye aproni.

Walipobaki wawili, msichana aliuweka mkoba wake sakafuni, karibu kabisa na mlango.

"Chumba chako kile," alisema fundi.

"Mkoba ukae hapa kwanza."

Akamwekea viazi na mayai. Msichana alikula haraka, mkono mmoja umeizunguka sahani. Macho yake yalipanda ukutani.

"Pale palikuwa na nini?"

"Kula. Na leta mguu."

Akapiga goti, akampima unyayo kwa uzi. "Waliokununulia hivi walikupima wamefumba macho."

"Usinishonee viatu, mzee. Sitamaliza wiki."

"Nani kasema?"

"Hivyohivyo huwa mnasema. Nani kasema. Halafu mnasikia." Akaweka uma chini. "Bora usikie kwangu, kabla hujanizoea. Niliua mtu."

Fundi alirudi kitini. Akaanza kuuzungusha ule uzi kidoleni, taratibu.

"Endelea."

"Nilikuwa nauza duka la dawa. Nina miaka kumi na minne, najua nini mimi? Mwenye duka alikwenda harusini, akaniachia kaunta. Akaja mama mmoja anakohoa. Chupa mbili zilifanana, moja ya kunywa, moja ya kuchua misuli. Nikampa ya kuchua. Akanisifu nywele. Akasema nani kakusuka, umependeza. Sura yake naikumbuka kuliko ya mama yangu."

"Na mwenye duka?"

"Faini. Duka likapakwa rangi, likafunguliwa."

"Ndio zao." Uzi ulikuwa umekikaza kidole hadi kikapauka.

"Mumewe sikuwahi kumwona. Mahakamani walisema yuko nje, haruhusiwi kuingia kwa kuwa mimi mtoto. Nashukuru sikumwona." Msichana aliinamisha kichwa. "Lakini kuna kitu sijamwambia mtu. Huwa nina hasira. Mimi nilikuwa na foleni mpaka mlangoni, nikachukua chupa bila kuangalia. Kosa langu. Ila iliandikwa, mzee. Kwa wino mwekundu, kubwa hivi: usinywe. Sasa mimi najiuliza, nyumba nzima hakuna aliyesoma?"

Mlangoni mkoba ulikuwa palepale, zipu imefungwa. Msichana naye aliutazama, akasukuma kiti nyuma kama anayejiandaa kuondoka kabla ya kuambiwa.

Fundi alinyanyuka yeye. Akauchukua mkoba, akaupeleka kwenye kile chumba, akauweka juu ya kitanda. Kisha akaingia chumbani kwake. Alikawia kidogo. Alipotoka alikuwa na kitu kimezungushiwa shuka. Akakifungua, akakitundika kwenye msumari, akakinyoosha kwa kidole kisikae upande.

Nyuma yake, uma ulianguka sakafuni.

"Vijiko vitatu," alisema fundi, bado amempa mgongo. "Alilalamika inamchoma. Mimi ndiye niliyemshika kichwa, nikamwambia amalize, dawa ndivyo zilivyo."