Nani Kaanua Kahawa?

Kibosho nzima hakuna mlinzi kama mimi. Jana mama alichomwa dawa ya saratani, ile inayoamshwa na mwanga. Kesho hospitali watammulika leza kooni. Akiguswa na jua kabla ya hapo ataungua, na leza itaahirishwa. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikambatiza Mama Popo.

Saa nane mchana shangazi aliingia anahema. "Nani kaanua kahawa?"

"Mimi, shangazi. Niliona wingu."

Akamfunua mama khanga. Mikono ilikuwa nyekundu, imevimba, punje moja ya kahawa imenasa chini ya pete. Niliitazama ile punje. Sikuwa nimemsikia akitoka.

"Nilikuwa ng'ambo ya korongo," shangazi alisema. "Nilimwona anakuruka hapo mlangoni ulipolala. Nimekuita mpaka sauti imekauka."