Sauti Iliyopita Kaloleni

Bi Nasiha alikuwa barazani na majirani zake mtaani Kaloleni, Voi, wakichagua mchele wa harusi, gari la kampuni ya dawa lilipopita likitangaza kwa kipaza sauti.

"Mkojo wanitoka bila kujua," sauti ya mwanamke ilisikika kutoka garini. "Nalalia gunia, mwanangu, peke yangu."

Ilikuwa sauti yake Bi Nasiha mwenyewe.

Siku chache nyuma, binti wa kampuni hiyo alikuwa ameketi kitandani kwake, akamshika mkono, akamuuliza anaumwa na nini. Tangu afiwe na mumewe, hakuna aliyewahi kumuuliza. Kaseti ya kurekodi ilikuwa ikizunguka pembeni. "Ya ofisini tu, nyanya," binti alisema.

Barazani wakaangua kicheko.

"Kikojozi kizima! Huyo akija hapa, mkeka nauficha!"

"Lakini sauti mbona kama naijua?" jirani mmoja akasema, ungo mkononi. "Ebu, Bi Nasiha, wewe Voi nzima waijua. Nani huyo?"

Kijiwe cha mchele kilikuwa kimemwingia Bi Nasiha chini ya ukucha. Akakibonyeza mpaka kidole kikatoa damu.

Gari likageuza pale msikitini, likaanza kurudi na sauti ile ile. Wote walikuwa wakimngoja aseme.