Ombi la Mabati

Ayuma, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, alikuwa ameshika mkononi karatasi ya ombi la mabati ya paa, ya kuwasomea marafiki wa Uingereza, tangu kasisi aanze kuhangaika na kompyuta.

Picha ya simu ya video ikatulia. Hiyo ndiyo parishi ndugu, kijiji kidogo cha kaskazini mwa Uingereza ambacho wao huku Chekalini walikiombea kila Jumapili kwa miaka kumi.

Kanisa lilikuwa la mawe, kubwa. Ndani walikaa wazee watano wenye makoti, kila mmoja kwenye benchi lake.

“Waambie tutangoja wenzao wafike,” Ayuma alisema.

Kasisi akawaambia kwa Kiingereza. Bibi mmoja mwenye kofia ya sufu akatabasamu, akajibu.

“Anasema leo wamekuja wote.”

Nyuma ya Ayuma, watu waliobanana mpaka mlangoni wakanyoosha shingo kuwahesabu wale watano. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la leso.

“Muulize, mtu akifa huko, nani huchimbanga kaburi?”

Kasisi akamgeukia. “Mama, nimuulize hivyo?”

“Muulize hivyo hivyo. Si anaona vile sisi tuko wengi wa kuchimba?”