Mbuzi wa Harusi ya Nyabusozi

Mbuzi wa harusi alipopasuliwa, ini lilikutwa kushoto na moyo kulia. Wachunaji wakaweka visu chini. Bibi wa bwana harusi akaamuru nyama ifukiwe na harusi isogezwe mbele, maana huo ni mkosi.

"Si mkosi, bibi," alisema Adventina, mkaguzi wa nyama. "Kiumbe tumboni kikiwa kama punje ya ulezi, vinywele visivyoonekana kwa macho husukuma maji upande mmoja, na moyo hujua pa kukaa. Visipocheza, moyo unaweza kuhamia kulia."

"Na kiumbe hicho kinaishi?"

Adventina akaushika mkono wa bibi, wenye majivu kwenye kucha, akauweka kifuani pake mwenyewe, upande wa kulia.

Bibi akausikia moyo ukidunda hapo. Kiganja chake hakikuondoka.

"Washeni moto," akasema.