Ulimi wa Mgahawa

Mpishi alimeza kijiko cha kwanza cha supu na hakusikia ladha yoyote. Si chumvi, si kitunguu, si pilipili. Ilikuwa ya moto, ikashuka kooni, basi.

"Ehe?" aliuliza bosi wake kutoka upande wa pili wa meza. "Unaonaje?"

"Subiri kidogo, bosi. Supu haihukumiwi kwa kijiko kimoja."

Walikuwa wamekuja kula kwa jirani, kwenye mgahawa mpya ng'ambo ya barabara, mchana kweupe, wamevaa mashati ya kutokea ili mwenye mgahawa asiwajue. Tangu ufunguliwe, meza zao wao zilizidi kubaki tupu. "Twende tukaonje," bosi alikuwa amesema asubuhi ile. "Nataka uniambie wana nini ambacho sisi hatuna."

Mpishi alikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lingemfukuzisha kazi. Miezi mitatu nyuma alishikwa na mafua makali, akalala siku nane. Homa ilipoondoka, iliondoka na pua yake na ulimi wake. Tangu hapo alipika kwa kukumbuka na kwa kuhesabu vijiko, roho mkononi. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hilo alilijua vizuri. Lakini aseme vipi? Kibali chake cha kuishi nchi ile kiliandikwa kazi yake waziwazi: mpishi. Mpishi asiyejua chumvi imekolea au la ni mpishi wa nini?

Na Jumatatu bosi alitakiwa kutia saini barua ya kumleta mkewe na binti yake. Miaka mitatu hakuwatia machoni. Mkewe, kwa furaha ya safari, alishauza kitanda na makochi. Sasa yeye na mtoto walikuwa wanalala kwenye mkeka, wakisubiri.

Tena katika nchi ile ya watu huwezi kumwuliza mtu akakwambia ukweli. Wenyeji wana adabu ya kuua mtu. Kwao, kumkosoa mpishi ni sawa na kumtukania mama yake. Ataonja kijiko kimoja, atatabasamu, atasema "kizuri sana," na hutamwona tena. Mwezi wake wa kwanza mpishi alivimba kichwa kwa sifa hizo, mpaka siku aliposikia mtu akimsifu mng'oa meno kwa maneno hayohayo. Dada aliyeosha vyombo alipoombwa aonje mchuzi, alisema kizuri sana. Bosi naye, mwenyeji vilevile, alionja kila asubuhi, akamtazama mpishi usoni, akasema, "Wewe ukiridhika, nami nimeridhika. Wewe ndiye ulimi wa mgahawa huu."

"Haya, sema," bosi alirudia sasa. Alikuwa anakunywa supu yake harakaharaka, macho hayabanduki kwenye mdomo wa mpishi. "Usinifiche kitu."

Ananitega, mpishi aliwaza. Ameshajua, anataka niumbuke mwenyewe.

Akaangaza macho huku na huku akitafuta pa kushika. Meza ya jirani, bibi mmoja alionja supu ileile, akafumba macho, akavuta glasi ya maji na kuinywa yote. Kisha akamtabasamia mhudumu.

"Pilipili imezidi," mpishi alisema, akijikaza kisabuni. "Kidogo tu. Inakuja baadaye, ukishameza."

Bosi alipiga meza kwa kiganja. "Hasa! Hata mimi nimeliona hilo. Inachoma hapa," akagusa koo lake.

Mpishi nusura alie kwa furaha. Alikunywa iliyobaki kwa madaha ya fundi anayejua anachokinywa, akakomba bakuli. Bosi naye akakomba lake.

"Lakini ni nzuri kuliko yetu, au sivyo?" bosi aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Niambie kama ndugu. Yetu ina kasoro gani? Ule mgahawa wetu aliuanzisha marehemu baba. Ukinifia mikononi, sijui sura yangu nitaificha wapi."

Mpishi alitazama meza ya yule bibi, lakini bibi alikuwa ameshaondoka. Alitazama ndani ya bakuli, na humo hamkuwa na jani wala mbegu ya kumsaidia. Akamwomba Mungu wake kimoyomoyo ampe neno moja tu, hata la uongo.

Kabla neno halijaja, mhudumu alifika mbiombio, uso umemshuka.

"Samahani sana, wageni wangu, msiinywe hiyo supu. Mpishi wetu alitia chumvi, msaidizi wake hakujua, naye akatia, tena kwa upawa. Haimezeki! Wateja wote wanatuambia kizuri sana, lakini mabakuli yanarudi jikoni yamejaa, ndiyo tukashtuka..."

Hapo akayaona mabakuli yao mawili, yote matupu.

Mpishi aliinamisha kichwa. Kwisha kazi. Alimwona mkewe amekaa kwenye ule mkeka, simu sikioni, na akaanza kutafuta maneno ya kumwambia. Akasubiri bosi afoke.

Bosi hakufoka. Mpishi alipoinua macho, alimkuta amelifunika bakuli lake tupu kwa viganja vyote viwili.

"Kumbe na wewe?" bosi alinong'ona.