Insha ya Mwanaidi

Uvumi ulianzia saluni kwa Mama Shukuru: eti mashine inayosahihisha insha shuleni sasa inatambua kila sentensi imetoka kinywani mwa nani. Nilicheka, ila haukunitoka kichwani.

Binti yangu Mwanaidi, wa kidato cha pili, alipewa insha ya mafuriko. Nikamsimulia niliyoyaona utotoni, naye akaandika neno kwa neno. Nilidhani namsaidia. Mashine ikajibu: "Haya ni maneno ya mama yake." Shule ikaonya: akirudia mara moja tu, hafanyi mtihani.

Tangu siku hiyo nikifungua kinywa anaziba masikio.

"Mama, nakuomba, usiniambie. Maneno yako nitayabeba hadi kwenye insha."

"Hata mchuzi ukizidi chumvi nisiseme?"

"Nyoosha kidole tu, mama."

Jana nilimsikia akimbembeleza mdogo wake kwa wimbo usio na neno hata moja.

Akina mama wenzangu, epukeni haya:

Kumtajia mtoto sentensi ya kuandika.

Kumsahihishia kabla hajamaliza.

Kumsimulia mambo ya zamani akiwa na insha.

Kumjibu akiuliza, "Mama, wewe ungesemaje?"