Neno Moja Kwenye Unga

Tangu Mwanahawa amtoe binti yake Nusura shuleni, walikuwa wakisomea jikoni. Huko shuleni mtoto alichapwa mpaka viganja vikavimba, kwa kuwa herufi zilijigeuza kila alipozitazama, na mwalimu aliuita huo uvivu.

Mchana huo Mwanahawa alitandaza unga kwenye sinia, akaandika kwa kidole neno moja: baba.

"Soma, mwanangu."

Nusura aliinama juu ya sinia. "Dada."

"Tazama vizuri. Tumbo la herufi limeelekea wapi?"

Mtoto akaifuatisha herufi kwa kidole, taratibu, akavuta pumzi. "Dada," akasema tena.

"Jana uliijua, Nusura. Jana hii hii uliisoma vizuri, leo imekwenda wapi?" Sauti ya Mwanahawa ilikuwa imepanda, na mwenyewe aliisikia. Maji ya ugali yalikuwa yamechemka, akainuka na kuchukua mwiko.

Alipogeuka, Nusura alikuwa amepiga magoti, viganja vyote viwili ameviweka mbele, macho ameyafumba.

"Shusha mikono. Mimi sikupigi."

"Nipige tu, mama. Ukimaliza nitasoma."

Mwanahawa aliuweka mwiko chini, akapiga magoti mbele ya binti yake. Akaushika mkono mmoja, kisha wa pili, akajaribu kuvikunja vile vidole vidogo. Havikukunjika. Nusura alikuwa ameukaza mwili mzima akisubiri, na midomo yake ilikwisha kuanza kuhesabu viboko.